Salfa ya korosho "haina sumu": mbona macho na vifua vya wapuliziaji vinaisha?

KITANGARI YETU (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Naandika kutoka Newala, mkoani Mtwara. Mwezi huu wa saba, ukiamka saa kumi alfajiri huku kwetu kabla hujasikia jogoo unasikia mabomba. Kila upande injini zinaunguruma, watu wanawahi kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa manjano wa kuzuia ukungu, kabla umande haujakauka na upepo haujaanza.

Kwa ndugu wa mikoa mingine: mkorosho unachanua kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unaingia wakati huohuo. Unakuta ua limepakwa kitu cheupe kama unga wa muhogo, siku chache baadaye limekauka, na hapo korosho hakuna. Wazazi wetu wanaukumbuka vizuri. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. 1986/87 hazikufika hata tani 17,000. Watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao kulichangia, bei mbovu nayo ilichangia, lakini ubwiri ulifanya kazi yake. Salfa ndiyo iliyotuinua. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nataka watu waache kupulizia. Mimi nimesomeshwa na korosho.

Linaloniuma ni hili. Mdogo wangu ana miaka 24, anapulizia kwa kibarua, analipwa kwa mti. Alhamisi iliyopita nilikwenda naye, kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Ukielekeza mwanga juu unaliona wingu la manjano linapanda mpaka kwenye matawi, linasimama kidogo, halafu linashuka taratibu juu ya yuleyule aliyelipuliza. Yeye yuko katikati, kajifunga fulana kuukuu usoni, mzigo unaopita kilo 20 mgongoni, anahema kwa nguvu kwa sababu ya uzito. Kipimo tulichofundishwa ni gramu 250 kwa mti, yaani mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100. Siku ile alimaliza mifuko miwili. Kilo 50 za unga zimepita mbele ya uso wa mtu mmoja kabla ya saa tatu asubuhi. Na kazi inarudiwa kila baada ya wiki mbili, mara nne mpaka tano kwa msimu.

Tulipofika nyumbani alijimwagia maji usoni akapiga kelele. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili mbivu, hayafunguki. Usiku kifua kikambana, akalala ameketi akiegemea ukuta. Kesho yake zahanati wakampa dawa ya matone na kumwambia asiwe na wasiwasi, salfa haina sumu, ni ileile ya kwenye sabuni.

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima. Dawa ya wadudu tunaiogopa, mtu akiipulizia anaangalia watoto wako wapi. Dawa ya ukungu tunaichukulia kama chokaa. Haikuangushi leo, kwa hiyo tunasema haidhuru. Naomba wenye uzoefu na wenye elimu tuzungumze.

MZEE WA TANDAHIMBA

Kijana, pole kwa mdogo wako. Mimi nimeanza kupulizia miaka ya tisini mwanzoni, mashine zilikuwa chache tunaazimana kijiji kizima. Sijavaa barakoa hata siku moja na niko hai. Dawa yake ni maziwa. Kabla ya kwenda unakunywa kikombe, ukirudi unakunywa kingine, na usoni unajipaka mafuta ya nazi. Vijana wa leo ngozi zenu laini.

Kikohozi cha asubuhi ninacho, lakini hicho ni cha uzee.

NESI WA ZAMU

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote naomba nieleze kidogo, maana hayo ya maziwa nayasikia kila msimu.

Maziwa yanakwenda tumboni. Salfa uliyoivuta iko kwenye koo na mapafu, haikutani na maziwa popote. Na zipo sumu nyingine zinazoyeyuka kwenye mafuta, ambazo maziwa huzisaidia kuingia mwilini haraka zaidi, kwa hiyo tusiyafanye kuwa dawa ya kila kitu. Mafuta ya nazi nayo yanaufanya unga ugande usoni. Ukija kutoka jasho linaubeba mpaka machoni.

Kuhusu sabuni: sabuni ya salfa unajipaka kidogo unasuuza dakika hiyohiyo, tena hakuna anayeivuta puani. Ni kweli salfa si sumu ya kumuua mtu kwa kijiko. Tatizo lake ni kuchoma penye unyevunyevu: machoni, puani, kooni, kwapani, shingoni panapotoka jasho. Mwenye pumu inamshika, na asiye na pumu anaweza kubanwa kifua kama ulivyoeleza.

Macho yakiingiwa, usiyasugue. Mwagia maji safi yanayotiririka, kope zimefunguliwa kwa vidole, dakika 15 zisizopungua. Watu wanaosha dakika moja wanaacha. Usitie maziwa ya mama, usitie maji ya sukari. Kama baada ya kuosha bado yanauma au unaona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo, kioo cha jicho kinaweza kuwa kimechubuka.

Na jambo moja linalotuhusu sisi wahudumu, nalisema kwa uchungu. Mgonjwa anakuja anakohoa, tunaandika "kikohozi", tunampa dawa, anaondoka. Hatumuulizi anafanya kazi gani. Basi semeni wenyewe mkifika: "Napulizia salfa." Na kama mna karatasi ya lebo, njooni nayo.

NYANYA ILULA

Mkuu uzi wako umenigusa, ingawa mimi niko Iringa na sina mkorosho hata mmoja. Sisi wa nyanya tunapigana na magonjwa ya majani, bakajani tangulia na bakajani chelewa, na dawa yetu kubwa ni mankozebu. Wakati wa mvua tunapiga kila wiki, mwingine kila siku tatu. Nakueleza nilivyokuwa nafanya mwenyewe, sijasimuliwa: unamimina unga kwenye ndoo, unakoroga kwa mkono, mkono mpaka kiwiko unageuka kijani-njano. Nozeli ikiziba unaichomoa unaipuliza kwa mdomo. Bomba linavuja mgongoni, shati linalowa, unaendelea mpaka shamba liishe kwa sababu kibarua analipwa kwa bomba. Na humo ndani ya bomba umechanganya dawa ya ukungu, ya wadudu na busta (mbolea ya majani), zote kwa pamoja, ili upige mara moja.

Muuzaji wa duka la pembejeo aliniambia hiyo ya ukungu haina shida, angalia lebo yake.

AFISA UGANI KUSINI

Hapo kwenye lebo ndipo penye kosa kubwa. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi na nimekuwa nikiirudia bila kuchoka.

Ule mstari wa rangi chini ya lebo (nyekundu, njano, buluu, kijani) unaeleza jambo moja tu: dawa ikiingia mwilini kwa mara moja, inaua haraka kiasi gani. Nyekundu ni hatari kali, kijani ni chini kabisa. Dawa nyingi za ukungu ziko kwenye buluu na kijani, mankozebu ikiwemo. Rangi haisemi lolote kuhusu mtu anayeipulizia kila wiki kwa miaka kumi. Haisemi kuhusu macho, mapafu, mimba, wala tezi ya shingoni.

Mankozebu ikivunjikavunjika, mwilini au ikikaa sana kwenye joto, inatoa kitu kinachoitwa ETU, na hicho ndicho kinachoisumbua tezi ya shingoni, ile ambayo mtu ikivimba tunasema ana rovu. Umoja wa Ulaya ulikataa kuirudishia kibali Desemba 2020, sababu mojawapo ikiwa madhara kwa uzazi. Klorothalonili, nyingine ambayo wakulima wa nyanya na viazi wanaijua, Ulaya iliikataa 2019, na hiyo ikikuingia jichoni utajuta. Sisemi mtu ambaye ameshazitumia tayari anaumwa. Ninachosema ni kwamba dawa yenye mstari wa kijani inataka glovu vilevile.

Sasa salfa. Mleta uzi, mdogo wako alikuwa anasimama chini ya mti na kupuliza juu moja kwa moja, sivyo? Wengi wanafanya hivyo. Hata alfajiri penye utulivu kuna upepo mdogo. Chukua kiganja cha majivu au mchanga laini, udondoshe, utauona unakoelekea. Anzia shamba upande ule upepo unakoelekea, uwe unasogea kuelekea unakotoka. Hivyo wingu linabaki nyuma yako na wewe unaingia penye hewa safi. Simama pembeni ya mti upande upepo unakotoka, usiingie chini ya matawi. Ukiona wingu linakurudia, funga koki, subiri. Na jua likishachomoza vizuri acha: umande umekauka, salfa haishiki, na joto likizidi inababua maua yenyewe.

KITANGARI YETU

Afisa, ndivyo hasa alivyokuwa anafanya, chini ya mti uso juu. Na ndivyo nilivyomfundisha mimi.

MRUTUTU MARANGU

Huku Kilimanjaro baba zetu walipulizia kahawa mrututu (ile dawa ya buluu ya shaba) na kopa nyingine maisha yao yote, kwa ajili ya kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Mikono ya buluu, ndevu za buluu. Baba yangu alikuwa akitania mama kwamba rangi haitoki mpaka Krismasi. Kifua kilimsumbua miaka ya mwisho na hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu mrututu.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba madaktari wa Ureno walieleza mwaka 1969 ugonjwa wa mapafu wa wapuliziaji wa mizabibu. Walikuwa wanapulizia mrututu uliochanganywa na chokaa, wakakutwa na makovu na chembe za shaba ndani ya mapafu. Siwezi kusema ndio uliomchukua mzee. Ila 1969 ilikuwa imeshaandikwa, na sisi tuliendelea kukoroga kwa fimbo na kuvuta.

MWANAKIRINYAGA

Kenya hapa. Nalima mishiri (maharagwe mabichi ya maganda) ya kupelekwa nje na nyanya za soko la hapa. Kwa mishiri tunakaguliwa: ovaroli, gambuti, rekodi ya dawa, siku za kungoja kabla watu kuingia shambani kuchuma. Nikivuka mtaro kuingia kwa nyanya, ni mfanyakazi yuleyule na bomba lilelile, lakini hakuna wa kukagua, na ovaroli inabaki imetundikwa. Niliposoma hapa juu niliona aibu. Mzungu anayekula mishiri analindwa, kijana wangu anayepulizia nyanya nimemwacha.

FUNDI MABOMBA MASASI

Mimi natengeneza mashine. Mmesahau moto.

Unga wa salfa unawaka. Injini ni ya petroli, ekzosi ina moto, tangi la salfa liko juu yake. Nimeletewa mashine mbili zilizoungua, na ya pili mwenyewe alikuja na kovu la bega. Alikuwa anaongeza petroli injini ikiwa bado moto, salfa imetapakaa juu ya tangi. Salfa ikiwaka moshi wake unaziba pumzi, huwezi hata kusimama karibu kuuzima.

Mashine nyingi za unga zinakuja na waya au mnyororo mdogo unaoburuzika chini. Watu wanaukata kwa sababu unakwama kwenye magugu. Kazi yake ni kupeleka ardhini umeme unaojijenga unga unapokwaruza ndani ya bomba. Usikate. Zima injini, iache ipoe, futa unga, ndipo ujaze petroli. Sigara iache nyumbani.

MAMA MAKOPA

Naomba na sisi wa nyumbani tusikilizwe.

Mume wangu anapulizia. Akirudi nguo zake nafua mimi, kwa mikono, kwenye beseni lile ninaloogeshea mtoto. Maji yanabadilika rangi na vidole vinawasha mpaka usiku. Makopa yangu ya muhogo nimeyaanika chini ya mikorosho kwa sababu ndipo penye uwanja, na salfa inashukia hapohapo. Mifuko ya salfa ikiisha tunaikung'uta tunawekea makopa hayohayo. Na mtoto wangu wa darasa la tano alikuwa ndiye anayemjazia baba yake unga kwenye tangi, maana baba hawezi kushusha bomba kila mara. Anakinga mfuko, unga unamrukia, anapiga chafya, wote tunacheka. Mwaka jana alianza kukohoa usiku.

Nilipousoma uzi huu sikulala.

NESI WA ZAMU

Dada, usijilaumu, hakuna aliyekuambia. Lakini badilisha leo, usingoje kesho. Mtoto asiguse kazi hiyo kabisa. Hata sheria ya ajira ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Nguo za kupulizia zikung'utwe shambani, zifuliwe peke yake kwenye beseni lake, uvae glovu. Baba aoge kabla ya kushika mtoto. Makopa hamishieni mbali na mikorosho, au yafunikeni siku za kupulizia. Mifuko msiwekee chakula kamwe.

Watoto mapafu yao yanaumia upesi. Kule California salfa ndiyo dawa ya shambani inayotumika kwa wingi kuliko zote, hata kilimo hai kinairuhusu. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley walitoa matokeo ya watoto wa Bonde la Salinas, eneo la vibarua wa mashambani. Waliokaa karibu na mashamba yaliyopigwa salfa nyingi zaidi walikuwa na pumzi dhaifu na dalili nyingi zaidi za pumu. Na hao hawakuwa wanajaza tangi, waliishi jirani tu. Huyo mtoto anayekohoa usiku mlete apimwe kifua, na useme kuhusu salfa.

KIJANA WA NANYAMBA

Wakuu, barakoa gani sasa? Zile za kipindi cha korona zinatosha? Na kwa nini tusihamie dawa za maji tu?

AFISA UGANI KUSINI

Za korona zile za kitambaa na za buluu hazitoshi, zinaacha uwazi pembeni ya pua na mashavu, na unga wa salfa ni laini sana, unapita hapo. Tafuta iliyoandikwa N95 au FFP2, ina waya wa kubana puani na mikanda miwili ya kichwani. Ikianza kuwa nzito kuvuta pumzi, tupa. Mwenye ndevu nyingi haimshiki vizuri. Miwani ya jua si kinga; nunua ile ya mpira inayoziba pande zote, ya mafundi wa kuchomelea vyuma haifai kwa kuwa mingi iko wazi pembeni na ni ya giza. Mikono mirefu, suruali nje ya gambuti, kofia ya kufunika shingo.

Dawa za maji: vumbi halipo, hilo ni kweli, na kifua kinapata nafuu. Lakini matone yanapenya kwenye ngozi, na baadhi ya dawa za kundi la traiazoli zimewekewa onyo Ulaya kwamba zinaweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni. Kwa hizo barakoa ya vumbi haitoshi, na shati likilowa uvue papo hapo uoge. Usihame ukidhani umeokoka.

Kitu kimoja kinapunguza dawa bila gharama: punguzeni matawi. Mikorosho ya wazee imefungana kama msitu, hewa haipiti, ubwiri unastarehe humo. Pogoa, toa machipukizi ya ndani, na unyunyuzi wa kwanza uanze maua yanapoanza kutoka, si baada ya ugonjwa kuenea ukaanza kuufukuza.

MZEE WA TANDAHIMBA

Nimerudi kusoma mpaka mwisho. Nesi, wewe ni kama mwanangu, nikuulize. Kikohozi changu kina miaka minane. Kikianza mwezi wa sita hakiachi mpaka mwezi wa kumi, halafu kinatulia. Nilisema cha uzee. Mbona uzee unakuja kiangazi na kuondoka na mvua?

NESI WA ZAMU

Mzee wangu, swali lako lina jibu ndani yake. Nenda upigwe picha ya kifua na upimwe makohozi pia, tusije tukasingizia salfa kumbe ni kifua kikuu. Mwambie daktari hivyohivyo ulivyoandika: mwezi wa sita mpaka wa kumi. Na msimu huu mwachie mwingine bomba.

KITANGARI YETU

Wanajamvi, narudi na taarifa. Leo tumemaliza raundi nyingine.

Mdogo wangu hakupulizia, macho yamepona ila kifua bado. Kibarua chake kakipoteza, tumekubaliana familia kumpa sehemu ya mavuno. Tulichangishana watu sita tukanunua miwani na barakoa kutoka Mtwara mjini. Malalamiko yapo: miwani inaingia ukungu kwa jasho, na barakoa ukiwa na bomba mgongoni unaona kama hewa haitoshi. Tumeamua kila mtu miti 30, anapumzika, mwingine anachukua. Tunachelewa, miti iliyopulizwa ni michache kuliko zamani, na mwenye shamba mmoja alinung'unika. Dumu la maji safi la lita 20 liko mwanzo wa shamba, haliguswi kwa kazi nyingine.

Niliipasua barakoa moja baada ya kazi. Nje ilikuwa njano kabisa. Ndani nyeupe, ina jasho tu. Nikaipitisha kwa vijana wote waione.

Kwenye kikao cha chama chetu cha msingi cha ushirika nilisimama nikauliza: mifuko ya salfa ya ruzuku inakuja kwa malori, kwa nini barakoa isije kwenye lori hilohilo? Nikaomba wanachama tukubali kukatwa kidogo kwenye malipo ya korosho ili vifaa vinunuliwe kabla ya mwezi wa sita ujao. Wengine waliguna, lakini imeandikwa kwenye muhtasari na kina mama ndio waliopiga makofi zaidi. Kikao kijacho ni mwezi wa tisa, nitaleta majibu hapahapa.

Mzee wa Tandahimba, shikamoo. Nikumbushe uko kijiji gani kwenye ujumbe wa faragha. Kuna gari la mjomba wangu linakwenda huko Jumatatu, nitakutumia barakoa tano za huyo atakayebeba bomba lako.

MZEE WA TANDAHIMBA

Marahaba. Atabeba mjukuu, ana miaka 26. Tuma na miwani, fedha nitampa dereva. Hospitali nakwenda Jumanne.